Papa Hana Jeshi: Historia ya Mapapa na Watu Waliokimbia

  

Tarehe 21 Aprili 2025, Jumatatu ya Pasaka, Papa Fransisko alifariki Vatikani akiwa na miaka 88. Wengi kambini walihuzunika, hata wasio Wakatoliki. Lakini wapo pia waliouliza: huyu mzee alitufanyia nini sisi wakimbizi? Alikuja mpaka Kinshasa, akaongea, akarudi kwake. Sisi bado tuko chini ya turubai.

Swali hilo halina dharau ndani yake. Ni swali la mtu ambaye amesikia hotuba nyingi na bado anasubiri. Leo tutalijibu kwa historia. Tutawapitia mapapa wa miaka mia moja na kidogo iliyopita, tukiuliza jambo moja tu: watu walipokimbia, Papa alifanya nini? Wewe ni Mkatoliki, Mpentekoste, Mwislamu au hufuati dini yoyote, kaa nasi. Hatukuhubirii. Tunasoma historia pamoja.

Kwanza, Papa ni nani?

Ukitoka Bukavu au Uvira, papa ni baba yako mzazi. Ukitoka pwani, papa ni samaki mkubwa mwenye meno makali. Papa tunayemzungumzia leo ni Askofu wa Roma, kiongozi wa Wakatoliki wote duniani, watu zaidi ya bilioni moja. Wengi humwita Baba Mtakatifu. Anaishi Vatikani, nchi ndogo kuliko zote duniani. Haifiki hata nusu ya kilomita moja ya mraba. Kambi ya Nyarugusu peke yake ni kubwa kuliko Vatikani mara nyingi sana.

Nchi hiyo ina walinzi wachache kutoka Uswisi, lakini haina jeshi la kwenda vitani. Papa hawezi kuamuru mpaka ufunguliwe. Hawezi kuamuru waasi washushe silaha. Ana vitu vitatu tu. Ana neno lake, kwa sababu akisema dunia inasikia. Ana miguu yake, kwa sababu anaweza kwenda mahali na kamera zikamfuata. Na ana watu wake, yaani maparokia, masista, mapadri, waumini na mashirika yaliyoenea kila nchi. Shika vitu hivyo vitatu kichwani: neno, miguu na watu. Tutavitumia kupima kila Papa tutakayemtaja.

Papa aliyetafuta waliopotea

Tuanze mwaka 1914. Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia imeanza Ulaya. Mwezi Septemba mwaka huo anachaguliwa Papa mpya, Giacomo della Chiesa, anachukua jina la Benedikto wa Kumi na Tano. Wakatoliki walikuwa pande zote mbili za vita, Wajerumani na Wafaransa, Waaustria na Waitaliano. Kila upande ulitaka Papa aseme Mungu yuko nao. Yeye alikataa kuchagua upande.

Mwezi Agosti 1917 aliwaandikia wakuu wa nchi zilizokuwa vitani akawaomba wasimamishe mapigano. Aliyaita mapigano hayo mauaji yasiyo na faida yoyote. Wakubwa hawakumsikiliza. Vita viliendelea mwaka mzima zaidi.

Kwa hiyo kwa upande wa neno, alishindwa. Lakini angalia upande wa watu. Papa huyo alifungua ofisi Vatikani ya kutafuta wafungwa wa vita na watu waliopotezana. Mama anaandika barua: mwanangu alikuwa askari, sijui kama yuko hai. Ofisi inatafuta kwenye kambi za wafungwa, inarudisha jibu. Wafungwa wagonjwa walisaidiwa kupelekwa Uswisi kutibiwa. Wewe uliyewahi kukaa na wafanyakazi wa Msalaba Mwekundu ukajaza fomu ya kumtafuta mtoto wako mliyepotezana njiani, unajua kazi hiyo ina uzito gani. Jibu moja tu, "yuko hai", linamrudishia mtu usingizi.

Ni katika siku hizo, mwaka 1914, ambapo Kanisa Katoliki lilianza utaratibu wa kuwa na siku maalumu ya kuwaombea wahamiaji kila mwaka. Leo inaitwa Siku ya Wahamiaji na Wakimbizi Duniani. Ina zaidi ya miaka mia moja.

Redio iliyosoma majina

Hapa sisi watu wa redio tuna sehemu yetu. Mwezi Februari 1931, Papa Pio wa Kumi na Moja alizindua Redio Vatikani. Aliyeijenga alikuwa Guglielmo Marconi, yule mtaalamu anayejulikana kama mmoja wa waanzilishi wa redio duniani. Redio hiyo ipo mpaka leo, na ina idhaa ya Kiswahili.

Vita Kuu ya Pili ilipoanza mwaka 1939, redio hiyo ilipewa kazi ya pekee. Ilisoma majina. Jina la aliyepotea, jina la anayemtafuta, ujumbe mfupi wa "niko salama". Kwa miaka ile ilitangaza ujumbe wa namna hiyo zaidi ya milioni moja. Fikiria mtangazaji ameketi mbele ya maikrofoni, hana muziki wala mizaha, anasoma jina moja baada ya jingine kwa saa nyingi. Na upande wa pili kuna mtu ameweka sikio karibu na spika, anasubiri jina moja tu.

Papa aliyelaumiwa kwa ukimya

Papa wakati wa vita hivyo alikuwa Pio wa Kumi na Mbili, jina lake la kuzaliwa Eugenio Pacelli. Huyu ndiye Papa anayebishaniwa zaidi katika historia ya karne iliyopita, na ubishi wenyewe unatuhusu.

Wajerumani chini ya Hitler walikuwa wanawaua Wayahudi wa Ulaya. Waliuawa Wayahudi wapatao milioni sita. Vatikani ilikuwa na mabalozi na maaskofu kila mahali, na habari zilifika. Lakini Papa hakusimama hadharani kuwataja Wayahudi kwa jina lao na kuwataja wauaji kwa jina lao. Tarehe 16 Oktoba 1943 askari wa Kijerumani waliwakamata Wayahudi mjini Roma penyewe, karibu kabisa na makao ya Papa. Zaidi ya watu 1,000 walipelekwa Auschwitz. Waliorudi hai walikuwa 16.

Wanaomtetea wanasema angepaza sauti, Hitler angelipiza kisasi na watu wengi zaidi wangekufa. Wanaomlaumu wanasema mchungaji hawezi kunyamaza mbwa mwitu akiwa zizini. Mwaka 2020 Papa Fransisko alifungua kumbukumbu za siri za miaka ile ili wanahistoria wasome wenyewe, na bado wanasoma.

Lakini kuna upande mwingine wa Roma ile ile. Maelfu ya Wayahudi walifichwa kwenye nyumba za masista, kwenye seminari na kwenye monasteri. Sista alifungua mlango usiku, akaona familia inatetemeka, akawaingiza. Aliyekamatwa akimficha Myahudi angeweza kupoteza maisha yake. Na mwanzoni mwa mwaka 1944, mapigano yalipokaribia Roma, maelfu ya wanavijiji walikimbilia kwenye jumba la Papa la Castel Gandolfo, nje ya mji. Jumba lile likawa kambi ya wakimbizi. Watu walilala kwenye ngazi na kwenye korido. Chumba cha kulala cha Papa kiligeuzwa kuwa chumba cha kujifungulia, na watoto walizaliwa humo.

Kwa hiyo katika miaka ile ile na mji ule ule, sauti ya juu ilikuwa ya chini mno, lakini milango ilifunguliwa. Liweke jambo hilo akilini. Litarudi tukifika kwetu Maziwa Makuu.

Baada ya vita, mwaka 1952, Papa huyo aliandika waraka mrefu kuhusu wahamiaji na wakimbizi. Jina lake la Kilatini ni Exsul Familia, maana yake familia iliyo uhamishoni. Ulianza kwa kukumbusha kwamba Yosefu, Maria na mtoto Yesu walimkimbia mfalme Herode wakaenda Misri, na ukasema familia hiyo ni mfano wa kila familia ya wakimbizi. Mtu aliyekuwa anaona aibu kuitwa mkimbizi aliambiwa kwamba hilo si jina la mhalifu.

Mwaka mmoja kabla yake, Julai 1951, nchi zilikuwa zimekubaliana Geneva juu ya Mkataba wa Wakimbizi. Huo ndio msingi wa ulinzi unaotolewa na UNHCR hata leo. Vatikani, pamoja na udogo wake, ni miongoni mwa waliotia sahihi mkataba huo.

Mtoto wa mkulima

Mwaka 1958 alichaguliwa Angelo Roncalli, mtoto wa wakulima maskini wa Italia ya kaskazini, akawa Yohane wa Ishirini na Tatu. Wakati wa vita alikuwa mwakilishi wa Papa nchini Uturuki, na kutoka kule aliwasaidia Wayahudi waliokuwa wanakimbia kupitia nchi hiyo. Alijua wakimbizi kwa macho yake, hakuwasoma kwenye ripoti.

Mwezi Machi 1960 alimteua Laurean Rugambwa wa Bukoba kuwa Kardinali, Mwafrika wa kwanza wa zama zetu kupewa cheo hicho. Wewe uliye Kagera au Kigoma, huyo ni jirani yako.

Tarehe 11 Aprili 1963, akiwa mgonjwa na akikaribia kufa, alitoa waraka uitwao Pacem in Terris, yaani Amani Duniani. Ndani yake alisema jambo ambalo kila mkimbizi angefaa kulijua: mtu akipoteza uraia wake, hajapoteza haki zake kama binadamu. Haki hizo hazikutoka kwa serikali, kwa hiyo serikali haiwezi kuzifuta. Alifariki mwezi Juni mwaka huo huo.

Papa wa kwanza kukanyaga Afrika

Aliyemfuata, Paulo wa Sita, alikuwa Papa wa kwanza wa zama zetu kuja Afrika akiwa Papa. Alifika Kampala tarehe 31 Julai 1969, akaenda Namugongo walikouawa Mashahidi wa Uganda. Wakati huo makazi ya Nakivale tayari yalikuwa na wakimbizi kutoka Rwanda.

Akiwa Kampala alijaribu kuwapatanisha wajumbe wa Nigeria na wa Biafra, waliokuwa katika vita vibaya vya njaa na risasi. Hakufaulu. Vita viliisha Januari 1970, upande mmoja uliposhindwa kwa nguvu. Safari hiyo ilionyesha kwamba miguu ya Papa inaweza kufika, watu wakafurahi, na bado bunduki zisinyamaze.

Lakini mwaka huo huo, mwezi Septemba, viongozi wa Afrika walikutana Addis Ababa wakapitisha mkataba wao wa wakimbizi. Ndio unaomtambua pia anayekimbia vita na machafuko, si yule tu anayewindwa yeye mwenyewe. Wengi wetu tulipokelewa kwa msingi wa mkataba huo. Hiyo ilikuwa kazi ya Waafrika wenyewe.

Papa msafiri, na mwaka 1994

Mwaka 1978 alichaguliwa Karol Wojtyła kutoka Poland, akawa Yohane Paulo wa Pili. Alikuwa Papa kwa zaidi ya miaka 26. Alisafiri kuliko mapapa wote waliomtangulia. Alitembelea kambi za wakimbizi, Morong nchini Ufilipino mwaka 1981 na Phanat Nikhom nchini Thailand mwaka 1984. Kinshasa, mwezi Agosti 1985, alimtangaza Sista Anuarite Nengapeta kuwa Mwenyeheri. Huyo ni binti wa Kongo aliyeuawa Isiro mwaka 1964.

Mwezi Septemba 1990 alikuja kwetu. Alianza Tanzania, akaenda Burundi, kisha Rwanda. Aliwahubiria watu upatanisho. Viwanja vilijaa. Aliondoka Rwanda tarehe 9 Septemba. Tarehe 1 Oktoba vita vilianza Rwanda. Mwaka 1993 rais wa Burundi, Melchior Ndadaye, aliuawa na nchi ikaingia katika damu. Na Aprili 1994 yakaanza mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi nchini Rwanda. Waliuawa watu wapatao 800,000 au zaidi, katika muda wa siku mia moja.

Msikilizaji, sehemu hii inaumiza, na miongoni mwetu wapo waliopoteza watu pande mbalimbali katika miaka ile na iliyofuata. Tunaisema kwa heshima, lakini hatuwezi kuiruka.

Tarehe 10 Aprili 1994, siku chache baada ya mauaji kuanza, maaskofu wa Afrika walifungua mkutano mkubwa Roma pamoja na Papa. Maaskofu wa Rwanda hawakuweza kufika. Tarehe 27 Aprili Papa aliyaita mauaji yale kwa jina lake, mauaji ya kimbari. Wakati huo serikali kubwa za dunia zilikuwa bado zinalikwepa neno hilo. Kwa hiyo safari hii neno lilitamkwa.

Lakini milango je? Watu walikimbilia makanisani wakiamini kwamba mbele ya altare hawataguswa. Ntarama na Nyamata waliuawa humo humo ndani. Wapo mapadri na masista waliokufa wakiwalinda waliokuwa wamejificha kwao. Wapo pia waliowasaliti. Padri mmoja wa parokia ya Nyange alihukumiwa kifungo cha maisha na mahakama ya kimataifa ya Arusha, kwa watu waliouawa ndani ya kanisa lake. Roma ya mwaka 1943 neno lilikosekana na milango mingi ikafunguka. Rwanda ya mwaka 1994 neno lilisemwa, lakini lilikuwa mbali, na milango mingi ya karibu ilikuwa mtego.

Mwaka 1996 Papa aliandika kwamba waumini waliotenda uovu lazima wawajibike wenyewe, lakini Kanisa lenyewe halibebi hatia yao. Wengi waliofiwa hawakuridhika. Ilipita miaka mingi. Tarehe 20 Machi 2017 Papa Fransisko, mbele ya Rais Paul Kagame aliyemtembelea Vatikani, aliomba msamaha wa Mungu kwa dhambi na mapungufu ya Kanisa na ya watu wake, wakiwemo mapadri na watawa walioingia katika chuki. Neno hilo lilichukua miaka 23 kufika.

Walioshika neno hapa kwetu

Wapo waliolipia neno kwa damu yao. Oktoba 1996 mji wa Bukavu ulikuwa umezungukwa na kambi za wakimbizi, na vita vilikuwa vinakuja. Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa aliandika na kusema kwa sauti, akiomba dunia iwalinde wakimbizi na iwalinde wananchi wa Kivu. Hakukimbia. Tarehe 29 Oktoba aliuawa barabarani.

Tarehe 29 Desemba 2003, Askofu Mkuu Michael Courtney, balozi wa Papa nchini Burundi, alipigwa risasi ndani ya gari lake huko Minago, kando ya Ziwa Tanganyika. Alikuwa amefanya kazi ya kuleta makundi ya vita kwenye mazungumzo.

Na yupo kijana wa umri wetu. Floribert Bwana Chui alifanya kazi ya kukagua bidhaa zinazoingia Goma. Aliletewa rushwa apitishe chakula kilichoharibika ili kiuzwe kwa wananchi. Alikataa. Julai 2007 alitekwa akauawa, akiwa na miaka 26. Papa Fransisko alimtaja mbele ya maelfu ya vijana Kinshasa mwaka 2023. Tarehe 15 Juni 2025 alitangazwa Mwenyeheri mjini Roma. Wewe unayejua maana ya kupewa unga wenye wadudu, unaelewa kijana yule alikuwa anamlinda nani.

Papa mtoto wa wahamiaji

Baada ya Yohane Paulo wa Pili kufariki mwaka 2005, alikuja Benedikto wa Kumi na Sita, Mjerumani. Mwaka 2013 alijiuzulu kwa sababu ya uzee, jambo ambalo halikuwa limetokea kwa karibu miaka 600. Ndipo akachaguliwa Jorge Mario Bergoglio wa Argentina, Papa Fransisko.

Baba yake alihama Italia akiwa kijana. Familia ilikuwa na mpango wa kusafiri mwaka 1927 kwa meli iliyoitwa Principessa Mafalda, lakini ilichelewa kuuza mali zake. Meli hiyo ilizama na mamia ya watu wakafa. Walisafiri baadaye kwa meli nyingine. Fransisko mwenyewe alisimulia habari hiyo.

Safari yake ya kwanza nje ya Roma, tarehe 8 Julai 2013, ilikuwa kisiwa cha Lampedusa, wanakofikia watu wanaovuka bahari kutoka Afrika. Alitupa shada la maua baharini kwa ajili ya waliozama. Alisema dunia imesahau kulia. Miezi mitatu baadaye, tarehe 3 Oktoba, meli moja ilizama karibu na kisiwa hicho hicho na watu zaidi ya 360 wakafa.

Tarehe 16 Aprili 2016 alikwenda kisiwa cha Lesbos, Ugiriki, kwenye kambi ya Moria. Aliporudi alipanda ndege na wakimbizi 12 kutoka Syria, familia tatu, wote Waislamu. Jumuiya ya Sant'Egidio ya Roma iliwapokea, ikawasaidia kupata makazi na kujifunza lugha. Watu 12 kati ya maelfu. Waliobaki waliendelea kusubiri, na mwaka 2020 kambi ya Moria iliteketea kwa moto.

Hapa tusimame kidogo. Habari za wale 12 zilizunguka kambi nyingi duniani. Ukimsikia mtu anasema ana orodha ya Papa, na kwamba ukitoa fedha jina lako litaingia, jua huyo ni tapeli. Hakuna orodha hiyo. Mambo ya kuhamishiwa nchi ya tatu yanapitia UNHCR na serikali husika, na huduma za UNHCR hazilipiwi. Ukiombwa fedha, ripoti.

Mwezi Aprili 2019 Fransisko aliwaita Vatikani viongozi wa Sudan Kusini waliokuwa wakipigana. Mzee wa miaka 82, mwenye maumivu, alipiga magoti akabusu miguu yao, akiwaomba wasirudi vitani. Mwishoni mwa Januari 2023 alifika Kinshasa, akasema wageni waondoe mikono yao Kongo, Afrika si mgodi wa kuchimbwa na kuachwa. Alikutana na watu waliotoka mashariki. Walimsimulia waliyotendewa. Kijana mmoja aliweka chini ya msalaba panga kama lile lililomuua baba yake. Papa alisikiliza mpaka mwisho. Kutoka hapo alikwenda Juba, akakutana na watu waliohamishwa na vita ndani ya nchi yao.

Miaka miwili baadaye, Januari 2025, Goma ilichukuliwa na M23, na watu wetu wakakimbia tena.

Basi alitufanyia nini?

Turudi kwenye swali la mwanzo. Ukitafuta Papa aliyesimamisha vita vyetu, humpati. Hawakuweza, na anayekuambia kwamba Roma itakurudisha nyumbani anakudanganya.

Lakini ukipima kwa neno, miguu na watu, unaona kitu. Neno la Papa lilimsaidia mtu pale tu mtu wa karibu alipolishika na kufungua mlango. Sista wa Roma usiku ule. Munzihirwa wa Bukavu. Floribert mpakani Goma. Jumuiya ya Roma iliyompokea Mwislamu wa Syria. Pale ambapo hakuna mtu wa karibu aliyefungua, neno lilibaki karatasi.

Na neno lenyewe si bure. Likichelewa, watu wanaumia kwa miaka, kama Rwanda. Likisemwa, linakupa cha kushika. Ofisa akikuambia huna haki kwa sababu huna nchi, kumbuka kwamba mwaka 1963 mzee mmoja mtoto wa mkulima aliandika kinyume chake, na mikataba ya 1951 na 1969 bado inakutambua.

Tangu tarehe 8 Mei 2025 kuna Papa mpya, Leo wa Kumi na Nne, Robert Prevost, mzaliwa wa Chicago aliyeishi Peru miaka mingi. Tutamsikiliza. Tutampima kwa kipimo hicho hicho. Wakati huo huo, leo jioni pengine kuna familia iliyofika jana kwenye kituo cha mapokezi, haina sufuria wala blangeti. Mlango ulio karibu nao ni wako.

Maswali ya kikundi cha wasikilizaji:

1. Katika safari yako ya kukimbia, nani alikufungulia mlango? Alikuwa wa dini yako au wa dini nyingine?

2. Kati ya kunyamaza ili watu wasiumizwe zaidi na kusema ukweli hadharani, kiongozi afanye nini? Toa sababu.

3. Kwenye mtaa wenu kambini, wageni wapya hupokelewaje? Ni jambo gani moja mnaweza kuanza wiki hii?

Jadilini kwa amani, na asikosekane mtu wa kuandika majibu. Mpe jirani karatasi hii akisha kusoma wewe.